Kofia ya Jimbo

Mara mbili msimu ule Clarrie Trezise, mbeba magunia ya ngano wa Port Adelaide, alikuwa amejitoa kafara kwa ajili ya nahodha wake. Ndiyo desturi ya timu ya kriketi ya jimbo: wapigaji wawili hukimbia wakibadilishana miisho ya njia, na wakijikuta mwisho mmoja, mmoja lazima atolewe, na anayempisha mwenzake ni mdogo. Mdogo kwa kipi? Kwa baba! Nahodha, Bwana Lavington, baba yake alikuwa na mashamba ya kondoo. Wa Clarrie alikuwa na kikohozi cha mgodini. Mara zote mbili kosa lilikuwa la Lavington, na magazeti yakaandika kwamba Trezise hajui kukimbia.

Leo walicheza na timu ya jimbo la Victoria. Wateuzi walikwisha kumwambia waziwazi: bila pointi mia, kwaheri. Alikuwa ameshapita sitini Lavington alipougonga mpira na kupaza sauti, "Njoo!"

Clarrie akachomoka.

"Hapana! Rudi!"

Akageuka, akafika mstarini kwake, akagusisha gongo lake la kupigia ndani ya mstari, akawa salama. Kutazama, Lavington huyo naye anamjia akihema. Mpira ulikuwa unarushwa kutoka mbali.

"Ondoka, Trezise."

"Siondoki."

"Mimi ni nahodha wako!"

"Basi ungekimbia kama nahodha."

"Usimpishe, Clarrie!" watu wakapiga kelele kutoka kilimani, kwenye nyasi za watazamaji wa tiketi rahisi. "Kitambi chake, mzigo wake!"

Mpira ukaangusha vijiti vya upande alioutoka Lavington. Mwamuzi akainua kidole kumtoa, na Lavington akatoka uwanjani shingo nyekundu.

Clarrie akaupiga mpira kwa hasira ya miaka yote, hadi mia na kumi na mbili. Kilima kizima kilisimama. Kwenye chumba cha wachezaji hakuna aliyempigia hata kofi moja, na mkoba wake aliukuta umetupwa nje ya mlango. Kesho yake magazeti yalimwita mchoyo. Timu ilipotangazwa tena, jina lake halikuwamo, wala halikurudi kamwe.

Asubuhi moja Lavington alikuwa amesimama langoni mwa uwanja na wateuzi wake, likapita gari la ngano. Farasi alikuwa amevaa kofia ya jimbo, ile Clarrie aliyopewa alipoteuliwa, imetobolewa matundu mawili ya masikio.

"Trezise! Huna adabu? Hiyo ni kofia ya jimbo!"

Clarrie akavuta hatamu.

"Nimempa anayewafaa, bwana. Huyu ukimwambia njoo, anakuja. Ukimwambia rudi, anarudi. Na ukimkanyaga, hasemi."