Wifi Aliyetiwa Kitabuni

Kama kuna mtu hapa Kampala, Kamwokya nzima, anayejua kutunza kinyongo mpaka kikaota mizizi, ni Umulkheir binti Sulaimani. Mgambo aliyelipiga teke beseni lake la nyanya, enzi ambazo hata barabara ya juu haijatiwa lami, Umulkheir anakukumbushia mpaka rangi ya soksi zake. Shule aliachia darasa la sita. Kusoma kwenyewe alijifundisha, kwa kila karatasi iliyopita mkononi mwake, na alipojua vizuri ndipo alipozidi kukasirika, kwa maana sasa aliona yaliyoandikwa na ambayo hayakuandikwa.

Mwaka jana alisimama wiki nzima nje ya duka la vitabu pale Bukoto akiwa na kipande cha boksi kifuani: VITABU VYETU VIKO WAPI? Dirishani palikuwa na kibao cha Vitabu Vipya, na vyote vilikuwa vya watu ambao hawajawahi kukanyaga matope ya Kamwokya. Waandishi wa hapa walitupwa nyuma, rafu ya chini, jirani na choo. Na cha Kiswahili hata kimoja hakikuwepo.

"Lakini nnyabo," mlinzi alimwambia, "Kiswahili si iko ya askari na wezi?"

Loo, alijitakia. Umulkheir alimsimamisha pale mpaka jua likamgeukia. Ndiyo, babu yake, Mnubi, alikuwa askari. Lakini bibi yake alibembelezea watoto kwa Kiswahili hicho hicho. "Nani aliwahi kuibiwa na wimbo wa kumlaza mtoto? Nitajie!"

Mwenye duka, Rafiq, badala ya kuita polisi akamtolea kiti. Akamuuliza, mama, wewe mwenyewe umeandika nini? Aliuliza kwa adabu tu, maskini, hakujua. Kesho yake Umulkheir akamletea riwaya nzima imefungwa kwa leso.

Basi ndiyo ikaja Jumamosi hii, alasiri, viti vya plastiki vimejaa mpaka barazani. Duka lilikuwa linatambulisha vitabu vipya na vile vilivyo njiani. Latifah wa Kabalagala alikuwa na kitabu cha mapishi, na hakuna chakula kilichoingia humo bila jina la mwanamke aliyemfundisha. Onen alikuwa na hadithi ya chombo cha angani kilichoanguka karibu na Gulu, wanakijiji wakakigeuza mashine ya kusaga. Wangila alileta upelelezi wa mpakani, maiti ndani ya lori la vitunguu, na Anena mashairi ambayo wino wake ulikuwa bado unanuka. Cha Umulkheir kilikuwa kati ya vile vya njiani. Zilikuwa zimetoka nakala chache tu za kuonja. Uchapaji wenyewe ulikuwa uanze Jumatatu.

Angepaswa kuwa na furaha. Lakini Rafiq alimvuta pembeni, nyuma ya rafu za kamusi, uso umemkunjamana.

"Mama, Hajati Kulthum amenipigia simu."

Umulkheir akatupa jicho mlangoni.

"Anasema yule mwanamke wa kwenye kitabu ni yeye. Anakuja leo. Mama, mimi sina wakili, nina duka tu. Akisimama mbele za watu akasema hataki, sichapi. Nisamehe, lakini sichapi."

Kulthum ni wifi yake, mke wa marehemu kaka yake Mansur. Na mwanamke wa kwenye kitabu alikuwa yeye kweli, tusidanganyane. Umulkheir alibadilisha jina, basi. Jino la dhahabu aliliacha. Meza ya mitumba sokoni aliiacha, na kile kicheko cha mkono kiunoni. Nakala moja ilikuwa imezunguka sokoni wiki mbili, wanawake wakisomeana na kupigana mabega, mpaka ikamfikia mwenye jino.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka ule wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, Wanubi walisakwa mitaani kwa dhambi za wakubwa ambao wenyewe walikwisha kukimbia na magari. Umulkheir alikuwa msichana mdogo. Alisikia kelele, akaruka ua wa jirani, akakimbilia chumba cha Mansur aliyeoa juzi tu. Akatokea nyuma, akagonga dirisha. Kwenye ufa wa ubao akaliona jicho la bi harusi. Likamtazama. Halafu likaondoka, wala mlango haukufunguliwa. Umulkheir akalala ndani ya banda la makaa, akimeza vumbi na machozi.

Hilo hakuwahi kulisema. Katika nyumba yao ugomvi hausemwi, unaimbwa. Kila harusi, wanawake wakiketi na ngoma, Umulkheir alitupa mstari wake kuhusu mwenye choyo asiyejua utu, huku kamkazia macho Kulthum. Naye Kulthum, aa, si mtu wa kulala na deni la maneno, alirudisha palepale: mwenye kijicho hata ale pishi zima hashibi. Vigelegele! Wamevaliana kanga za mafumbo, wamezeeka nazo. Mansur alikufa akidhani ni utani wa mawifi.

Kulthum aliingia Onen akiwa anasoma. Nyuma yake wanawake watatu wa sokoni, kama mashahidi. Akaketi mstari wa mbele, akaweka mkoba mapajani, hakusalimia.

Zamu ya Umulkheir ikafika. Yeye aliyewahi kulala mbele ya tingatinga la kubomoa vibanda, leo alitafuta pa kujificha. Akafungua mahali salama, pale kijana anapomsindikiza msichana kisimani. Alikuwa hajamaliza hata sentensi ya pili.

"Ruka hapo," Kulthum alisema. "Mapenzi tunayajua. Soma pale pa mlango."

Watu wakacheka kidogo, wasijue wanacheka nini. Rafiq aliangalia dari.

Umulkheir akafungua pale pa mlango. Akasoma lile jicho, akasoma makaa, akasoma mwanamke wa jino la dhahabu anayejifungia na salama yake na kumwachia mtoto wa watu barabara. Alisoma vizuri, maana hasira ilimsaidia, kama kawaida yake.

Kulthum akasimama. Akabenua midomo, jino likaonekana na hadhira nzima.

"Jamani, mimi ndiye huyo. Jino ni langu, nililipa mwenyewe." Kicheko. "Nimekuja kumuuliza mwandishi. Kwetu mtu akikuimba, anakuachia uwanja ujibu. Huyu amenimaliza kitabu kizima, na sina hata mstari mmoja wa kujibu. Ni haki?"

Umulkheir, aliyesimama na boksi kifuani akidai waliosahauliwa rafuni, hilo hakuliona.

"Haya, wifi, nijibu. Siku ile ulipita mlango gani?"

"Sikuja mlangoni. Nilitokea nyuma, dirishani."

"Kwa hiyo mlango wa mbele hukuuona."

"Ningeuonaje?"

"Ulikuwa na kufuli. Kwa nje!" Kulthum alipiga kiganja juu ya mkoba. "Kaka yako alinifungia kama mbuzi, akaenda na ufunguo. Nyumba yenye kufuli nje, waporaji husema hawa wamekwisha kimbia, hawahangaiki nayo. Chumba kimoja, mlango mmoja, na dirisha la nondo. Ningekuingizia wapi wewe?"

"Ungesema! Hata neno moja!"

"Kwa sauti gani, Umulkheir? Walikuwa barazani, nawasikia wakilitikisa lile kufuli. Nikaweka kidole mdomoni, unyamaze. Hukukiona?"

"Niliona jicho tu."

"Nikasikia wanazunguka nyuma, nikajitupa chini ya kitanda. Najiambia, Mola wangu, huyu mtoto amekimbia au wamemkuta? Usiku kucha. Kaka yako alipofungua asubuhi hata maji ya kunywa sikumpa. Nilimwambia, nenda katafute mdogo wako."

Mansur ndiye aliyemkuta kwenye makaa. Hilo Umulkheir alilikumbuka siku zote, na siku zote alihesabu kuwa kaka alikuja kwa akili yake mwenyewe. Alishika ukingo wa meza ya vitabu.

"Wifi," alisema, sauti imekwisha makali. "Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Uliwahi kuniuliza? Harusi hii choyo, harusi ile choyo! Mimi nikajua ni ile sufuria ya shaba ya mama mkwe."

"Sufuria gani?"

"Niliyoichukua baada ya msiba!"

"Ile?" Umulkheir akasahau kuna watu. "Ile sufuria inavuja! Ningeitakia nini mimi?"

"Inavuja! Na mimi nimeificha uvunguni tangu hapo nikidhani utakuja kuiiba!"

Duka likapasuka. Latifah alishika mbavu, wale mashahidi wa sokoni wakapiga vigelegele bila kuombwa, na mlinzi akachungulia kuona nani anapigwa. Umulkheir alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa akajikuta analia, si machozi ya uchungu, yale ya mtu aliyetua gunia na kugundua kuwa shingo bado inageuka. Kulthum akaja akamsimamia, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto mwenye kamasi.

"Bambi, maskini wee," alisema. "Ulilala kwenye makaa kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nikaendelea kukuimba kijicho."

Rafiq alikuwa amesimama pale, jasho limemlowesha shati. "Hajati, nisamehe kuingilia. Jumatatu nichape, au nisichape?"

"Usichape," Umulkheir alidakia kabla ya mwingine. "Nitabadilisha. Nitamtia kufuli, nitamtia kidole mdomoni, nitaandika upya."

"We!" Kulthum alimkata. "Usiguse. Huyo mwanamke mbaya ndiye anayekiendesha kitabu. Ukimfanya mwema nani atakinunua? Wenzangu sokoni hawalali kwa ajili yake." Akamgeukia Rafiq. "Chapa. Yangu nimeyasema mbele za watu, yametosha. Kama wifi anataka kunijibu, aandike kingine."

"Naweza kusema kiko njiani?" Rafiq aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Sema," walimjibu pamoja.

Anena akaitwa na mashairi yake, watu wakatulia tena. Kulthum hakurudi mstari wa mbele. Alimshika wifi yake mkono, wakaketi nyuma ya rafu, akatoa mkobani ile nakala ya sokoni, imechakaa, ina doa la mafuta.

"Nilifika pale pa mlango nikaitupa ukutani," alinong'ona. "Nisomee mbele. Anapata adhabu?"

"Nani?"

"Mimi."

"Anapata," Umulkheir alisema, akitafuta ukurasa. "Kubwa."

"Alhamdulillahi. Haya, soma polepole."