Moshi Usiokohoza

Mchwa wa Kitui hawana adabu. Wamekula mlango wangu wa choo, wamekula miguu ya kitanda cha marehemu mama yangu, na karatasi za babu mzaa babu yangu wangezimaliza kwa wiki moja kama ningeziweka sandukuni. Ndiyo maana niliziviringisha, nikazitia ndani ya kibuyu kikavu pamoja na majani ya mwarobaini na pilipili kichaa iliyosagwa, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa cheusi. Hakuna mdudu aliyewahi kukigusa kibuyu hicho.

Babu huyo alikuja bara na msafara wa pembe. Njaa ilipowakamata kati ya Kanyangi na Ikutha alifukia mzigo wake pamoja na sanduku la chuma la fedha, akaandika alipoufukia kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mimi, Safa, muuza leso wa mjini Kitui, ndimi pekee niliyebaki katika ukoo ninayeweza kuzisoma herufi hizo, na kwa jinsi wino ulivyofifia nilikuwa nimefika nusu tu. Mwenzangu katika kutafuta ni Muthama wa Migwani. Tulikubaliana hivi: yeye akae na kibuyu chenye karatasi asizoweza kusoma, mimi nikae na mashine ya kunusa chuma ardhini. Picha za simu nilizikataza, kwa kuwa picha ikishatumwa haina mwenyewe. Kwa mpango huo hakuna ambaye angeenda kuchimba peke yake.

Kisha Muthama akanipigia simu. Mkewe, Mwongeli, alikuwa amekipeleka kibuyu kanisani Jumapili, kwenye mkutano wa kuchoma vitu vya uchawi. Kimeteketea.

Nilifika Migwani nikichemka. Nilimkuta Mwongeli sokoni kwenye kibanda chake cha nyanya na sikumsalimia. Nilimwita mjinga mbele ya watu, nikamwambia amechoma ukoo wangu mzima ili pasta wake apigiwe makofi. Alizipanga upya nyanya zake, ingawa zilikuwa zimepangika.

Muthama nilimkuta nyumbani, macho mekundu, yamevimba, yanatiririka.

"Nimelia mpaka nimechoka, Safa," akasema. "Kazi yetu yote imeisha hivyo tu."

Moyo wangu ulilainika. Nilimpa leso ajifute, nami nikalia kidogo. Nikiikumbuka leso ile sasa, natamani ningemnyonga nayo.

Niliporudi sokoni kutafuta gari, mama wa kibanda cha jirani alinionyesha video ya mkutano ule kwenye simu yake, nadhani ili anione nikiumia. Pasta anakiinua kibuyu changu. Mwongeli amesimama kando ya moto, kichwa chini, anakiri kwa kipaza sauti kwamba nyumba yake imefuga uchawi na yeye amekuwa akifagia kando yake kila asubuhi. Kibuyu kinatupwa motoni, kinapasuka. Moshi unaifunika kwaya. Kwaya inaendelea kuimba.

Nilimwomba airudishe. Nikaitazama tena. Hakuna aliyekohoa.

Pilipili kiasi kile ikiingia motoni, uwanja mzima hubaki mtupu. Kibuyu changu kilichomwa bila kitu ndani. Na mtu aliyekikung'uta, akawa bado anazishikashika karatasi na kujipangusa macho kwa vidole vile vile, nilikuwa nimemwachia leso.

Nilimwendea Mwongeli. "Nani alikwambia ukipeleke?"

"Ni yeye. Alisema hiyo kibuyu inamletea ndoto mbaya."

Nikamweleza habari ya pilipili. Alisikiliza mpaka mwisho, akazifunika nyanya kwa gunia, akatangulia kwenda nyumbani bila kuniambia nimfuate. Alipofika alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la mahindi ambalo mumewe alikuwa amemkataza kulifungua tangu Jumapili. Alilifungua, akazamisha mkono hadi begani, akatoa karatasi zangu na kunikabidhi. Nilizinusa, nikapiga chafya.

"Nimepata mtu wa kuzisoma huko Mwingi," Muthama akasema, akitazama sakafu. "Nimechoka kutembea nyuma yako, Safa."

Njiani nilikuwa nimemwandalia matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake. Mwongeli aliniwahi.

"Tangu Jumapili wateja wananipita," alimwambia mumewe. "Watoto wa jirani wamekatazwa kunywa maji kwangu. Nimesimama mbele ya watu nikasema mimi nimefuga uchawi, na hiyo kibuyu ilikuwa tupu. Sasa Jumapili hii utasimama hapo hapo, ushike maiki, uwaambie vile ulifanya."

Muthama alinigeukia haraka. "Safa, mwambie. Nikisema hiyo, watu watauliza karatasi zilikuwa za nini. Kila mtu atabeba jembe aende Ikutha. Sisi hatutapata kitu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo lilinichoma zaidi ya wizi wenyewe. Nilisimama na karatasi kifuani, maisha yangu yote yakiwa ndani yake. Mwongeli hakunitazama. Hakuniomba lolote, mimi niliyemwita mjinga mbele ya wateja wake. Nilikuwa na hasira hata na karatasi.

"Ibada inaanza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nne."

"Niwekee nafasi mbele. Huyu akimaliza kusema, nitawasomea karatasi hizi mwenyewe."