Njaa ya Mzee Luhaga

Mzee Luhaga alichomwa sindano ya kushusha sukari saa moja asubuhi, na uji haukufika tumboni. Tatizo lilikuwa hilo tu. Mengine yote yalitoka hapo.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, na mgonjwa akaambiwa aje hospitalini na sindano zake, dawa zake na uji wake. Kiharusi kilikuwa kimemfunga mzee koo. Alilishwa kwa mpira uliopita puani, na maneno yalimtoka machache, ya kukwama. Mwanawe Malimi alitoka Migato kuja Bariadi kumuuguza. Binti wa mzee, Minza, alipika uji nje ya wodi.

Nesi Apolonia aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Sindano na uji ni kama ng'ombe wawili wa plau moja. Mmoja akilala, mambo yameharibika. Uji uwe mwepesi. Ukikwama, niite. Akitoka jasho au akitetemeka, niite mbio."

"Uji wa maji?" Malimi alicheka. "Baba ana ng'ombe arobaini, nesi. Watu watasema tumemtupa."

"Hao ng'ombe wako hawapiti kwenye mpira huu, bwana."

Wodi nzima ikacheka. Malimi hakusahau.

Asubuhi hiyo aliongeza unga mwenyewe, dada yake akiwa kisimani. Akausukuma uji mara mbili, mpira ukaziba. Akaona aibu kumwita nesi yule yule. Akafunika kikombe kwa sahani, akakisogeza chini ya kitanda.

Saa tatu mzee akaanza kulowa jasho. Mikono ikamcheza. Akamkazia Malimi macho kama mtu asiyemjua, na sauti ikamtoka nzito, si yake.

"Njaa. Mmeniacha na njaa."

Malimi akajua ni njaa ya nani. Babu yake, Mihayo, alikufa njiani mwaka wa njaa akitafuta mtama. Kila baada ya mavuno Luhaga alimchinjia kondoo, lakini sasa ilikuwa miaka miwili hajafanya hivyo. Na kwao, masamva, yaani wazee waliokufa, wakimpanda mtu, jasho humtoka hivyo hivyo, na hutetemeka hivyo hivyo. Haguswi. Husikilizwa.

"Kaka, nimwite nesi," Minza alisema. "Si alisema jasho?"

"Kaa chini. Huyu si baba. Ni babu Mihayo."

"Babu amekuja Bariadi kwa gari gani?"

"Usimtanie! Anakusikia."

Malimi akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo nyumbani. "Babu, tumekosa. Fahali mwekundu ni wako. Utakula."

"Njaa," mzee akasema, chini zaidi.

"Utakula, babu."

"Njaa."

"Utakula."

Ikapita zaidi ya saa nzima hivyo, kisha mzee akanyamaza. Malimi akashusha pumzi, akajua babu ameridhika. Akamgeukia dada yake akitabasamu, akamkuta ameshasimama, anatazama miguu ya baba yao ikirusha shuka. Minza alitoka mbio bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nesi Apolonia alimpa mzee maji ya sukari kwenye mshipa. Alipopiga goti, akakiona kikombe. Akafunua sahani. Uji ulikuwa umeganda, umefanya ngozi juu.

"Alikuwa anakuomba chakula," alisema.

Miguu ilitulia, macho yakafunguka, lakini Luhaga hakurudi. Alitazama dari tu, akafa bila kumjua mtu.

Fahali alichinjwa matangani. Malimi hakuonja. Mpaka leo, akikaa kula, huisikia ile sauti upande wa kushoto, kilipokuwa kile kitanda, naye hujibu kimoyomoyo, "Utakula." Mkewe amezoea kumwona akiinuka sahani ikiwa imejaa.

Konzi mbili za unga alizoongeza. Saa nzima na robo aliyopiga magoti. Hatua thelathini mpaka mlango wa nesi, alizipima baadaye. Siku tisa za macho yaliyotazama dari. Fahali mmoja. Baba mmoja.