Barua za Shangazi wa Kitabuni

Lydiah hakuwa mtu wa vitabu. Miaka kumi na mitatu ya kuwageuza wazee vitandani kule Sugar Land, Texas, ilikuwa imemfundisha kusoma chati na nyuso za watu, basi. Lakini tangu Fiona aanze kumsimulia ile riwaya ya Waingereza wa zamani, akitoka kazini alirudi Missouri City mbio mbio, kama mtu aliyeacha maharagwe motoni.

Fiona alikuwa binti wa marehemu mdogo wake wa kike. Lydiah alimchukua Kenya akiwa na miaka tisa, akamlea kama wa tumbo lake, na sasa alikuwa na ishirini, yuko chuoni. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amewapa kazi: chukueni riwaya ya enzi za Malkia Viktoria, muihamishie leo, watu wake waishi mtaani kwenu. Fiona akaokota maktabani kitabu kinene cha kutosha kuzuia mlango. Kilikuwa na msichana aliyefiwa na mama, analelewa na shangazi katika nyumba ya mawe. Baba yuko ng'ambo, anaandika barua. Shangazi anazificha.

"Anazificha wapi?" Lydiah aliuliza jioni ile ya kwanza, viatu vya kazini bado miguuni.

"Kwenye kikapu cha kushonea, Anti."

"Zote?"

"Zote. Miaka saba."

"Na hazichomi?"

"Hazichomi."

Lydiah akaketi. Kwa nini mwanamke mwenye akili timamu afiche barua asizichome, hali meko yapo? Swali hilo alikwenda nalo kazini, akarudi nalo. Kila jioni alimdadisi Fiona habari za huyo shangazi: ana umri gani, anasali, analala usingizi? Habari za msichana hakuuliza sana.

Maana yeye naye alikuwa na barua. Moja tu, chini ya yunifomu za zamani, na mpaka leo hakujua kwa nini hakuichoma.

Ilitoka kwa Elphas, baba yake Fiona. Mke wake alipokuwa amelazwa hospitalini Eldoret, Elphas alikuwa Kisumu kwa mwanamke mwingine, na mazishini alifika watu wakikunja viti. Siku hiyo Lydiah aliapa kwamba mtu huyo hatamwona mtoto tena. Fiona alipouliza habari za baba yake, alijibiwa kwamba mtu huyo hajawahi kumuulizia. Kwa miaka tisa jibu hilo lilikuwa kweli. Kisha, miaka miwili iliyopita, barua ikaja, na Lydiah akaendelea kujibu vilevile.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akikaanga mandazi, Fiona akaingia jikoni uso umemshuka.

"Mwalimu ame-return draft yangu. Anasema hai-make sense. Barua za kuficha ni za zamani, siku hizi mtu ata-email tu."

Lydiah akacheka kwa dharau. "Huyo hawajui watu wetu. Barua ya nyumbani inakuja na posta? Mtu anasafiri, anapewa abebe. Akifika hapa hampi msichana mkononi, ati ni tabia gani hiyo? Anampa mwenye nyumba. Anakaribishwa, anatoa majani ya chai na unga wa wimbi, anakunywa chai, anasalimia kwa niaba ya ukoo mzima, ndipo anatoa bahasha. Mwenye nyumba anasema asante, nitampa. Nani atauliza tena? Kuuliza ni kumvunjia heshima."

"Wow, Anti!" Kalamu ilikuwa ikikimbia. "Endelea. Na huyo baba anaandika nini?"

Mdomo huponza kichwa, na kichwa cha Lydiah wakati huo kilikuwa kimevimba kwa sifa. Akageuza mandazi na kuendelea.

"Anaomba picha. Moja tu, aone amekuwa mkubwa kiasi gani. Anasema hajui kuomba msamaha kwa karatasi. Hana simu, lakini anaweza kupigiwa dukani kwa Kigen. Jumamosi jioni huwa yuko hapo."

Kalamu ikasimama.

"Kigen wa Turbo, kule nyumbani? Pale nilikuwa natumwa mafuta ya taa?"

Lydiah akazima jiko. Bado angeweza kudanganya. Angesema amelitaja tu jina lililomjia mdomoni, na mtoto angeamini, kwa kuwa alizoea kumwamini. Badala yake alijikuta akiuliza swali alilokuwa ameliogopa wiki zote hizo.

"Kitabuni, huyo msichana anafanya nini akijua?"

"Sijafika huko," Fiona akasema polepole, bila kumwondolea macho.

Lydiah akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Pembe zilikuwa zimelegea, maana alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko Zaburi. Fiona aliisoma amesimama. Alipomaliza, alitazama tarehe.

"Miaka miwili, Anti. Kwa nini?"

"Nilimchukia, sitakuficha. Lakini hasa niliogopa. Sina mwingine. Nilijua ukimpata yeye, mimi nitabaki na nyumba."

Fiona hakupiga kelele, na Lydiah alitamani angepiga. Alichukua kadi ya simu, akakwangua, akabonyeza namba ndefu iliyokuwa chini ya barua. Texas ilikuwa saa tatu asubuhi, Turbo saa kumi na moja jioni. Mwenye duka alipokea kwa sauti ya watu wa simu za mbali, Lydiah akasikia kila neno.

"Fiona yupi?"

"Wa Elphas."

"Wa Marekani! Mungu wangu! Huyu mzee ananunua chumvi hapa kila Jumamosi, chumvi ya kulisha ng'ombe wa kata nzima, ili tu apate sababu ya kukaa! Ngoja! Mzee Elphas! Mzee! Simu!"

Lydiah akaanza kuhesabu. Jumamosi ngapi ziko katika miaka miwili? Alitaka kutoka, awaachie jikoni, lakini Fiona alikuwa amefunika simu kwa kiganja na kumgeukia, macho yamejaa machozi, ni mtoto wa miaka tisa kabisa.

"Anti, anakuja. Nimwiteje?"

Neno lenyewe Lydiah alikuwa hajalitamka ndani ya nyumba hiyo tangu wahamie.

"Mwite Baba," akasema. "Haya, ongea, asije akafikiri umekata."