Wa Tatu kutoka Misima

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari ana mvi, na alijifunza kwa ajili ya jina moja tu. Mambo mengine yote ya kisomo, mbolea, maji ya kuchemsha, siasa ni kilimo, yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alitaka jina la mume wake, Athuman Mwinjuma, na alilitaka upesi.

Mimi ni Zamda, mtoto wao pekee. Baba aliondoka Misima wakati wa vita vya Wazungu, mimi nikiwa bado tumboni. Walitoka vijana watatu siku moja: baba, Hiza Mhando na Isaka Mbwego. Kabla ya kuondoka baba alimwambia mama habari moja tu ya furaha, kwamba jumbe wetu, mzee Semboja, amemwahidi shamba la bondeni, penye maji, akirudi salama. Kisha wakapanda lori bomani Handeni, wakapelekwa pwani, wakatiwa katika meli ya askari wa kwenda kupigana Bama, ndiyo Burma. Meli ikapigwa na nyambizi, ikazama.

Habari ilipofika, jumbe aliwakusanya watu akatangaza msiba wa Hiza na msiba wa Isaka. Kuhusu baba akasema serikali haina habari yake. Bila shaka hakupanda meli, alisema, ametoroka na mwanamke wa pwani. Na shamba la bondeni halikutajwa tena.

Basi ikawa hivyo. Hiza na Isaka wakasomewa hitima, baba yangu akasomewa matusi. Mama hakukaa eda, maana eda hukaliwa na mjane, naye aliambiwa si mjane, kaachwa tu. Mimi nikakua naitwa binti wa mtoro. Nilipoolewa, mama mkwe alinichungulia kila nikienda kisimani, asije akasikia nami nimeshika njia. Sikumaliza miaka miwili nikarudi kwetu, na watu wakasema, si mnaona? Nina hasira nyingi, sikatai. Zimenilea pamoja na mama.

Uhuru ulipokuja cheo cha jumbe kikafutwa, na mzee Semboja akafa, lakini ukoo ule haukupungukiwa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zetu za zamani zikavunjwa nyuma yetu ili tusirudi, aliyechaguliwa mwenyekiti alikuwa mwanawe, Rehani Semboja. Rehani ni rika la baba. Vitani hakwenda, walisema alikuwa na ugonjwa wa tumbo, tumbo lenyewe mimi nililijua likiwa linameza ugali wa watu wawili. Kila asubuhi alisimama ukingoni mwa shamba la kijiji, karatasi mkononi, akiita majina, nasi tukiitika, "Nipo!" Asiyeitika alipigwa faini. Na kila jioni huyo huyo aligonga rimu ya gari kutuita darasani.

"Hakuna kubaki gizani!" alipiga kelele. "Kila mtu asome!"

Hakuna aliyemtii kuliko mama yangu.

Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa Hilaria, binti wa Kisambaa kutoka Bungu, mpole, mwenye sauti ndogo. Jioni moja alitueleza kwamba alipokuwa chuoni walipelekwa Tanga kuona ukuta wa kumbukumbu ya waliozama na meli ya askari.

"Kila aliyezama kachongwa jina," alisema. "Yamepangwa kwa wilaya. Handeni ipo, niliiona."

Mama akaweka chaki chini. "Mwalimu, na wa Misima wamo?"

"Vijiji havikuandikwa, mama. Majina tu."

"Yanatosha," alisema mama. "Nifundishe kuusoma ukuta huo."

Nilimwambia Hilaria aende mwenyewe siku atakayopita Tanga, atusomee, yaishe. Mama alinigeukia akaniangalia mpaka nikatazama chini. "Habari za Athuman nimeambiwa na watu maisha yangu yote," alisema. "Hii nitaisoma mwenyewe."

Safari yenyewe ilituchukua muda mrefu kuipanga, na kosa lilikuwa la herufi. Mama alipokwisha kujua kusoma vizuri, Hilaria akakumbuka kwamba ukutani pale hakuna herufi ndogo hata moja, ni kubwa tupu. Mama hakuzijua. Alivunjika moyo siku ile, akalala bila kula. Kesho yake akaanza upya. Aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, ATHUMAN MWINJUMA, juu ya mafiga, na moshi ulipolifuta aliandika tena. Tukasogeza safari hadi baada ya kuvuna mahindi. Tulikubaliana tupande lori la mahindi hadi Korogwe, tulale kwa Grasiana, rafiki yangu anayeishi kambini kwenye mashamba ya mkonge, halafu tupande treni. Mama alikata kipande cha shuka jeupe akakifua. Kwetu mtu akifia mbali, huletwa udongo wa pale alipofia, ukazikwa nyumbani. Baharini hakuna udongo, lakini chini ya ukuta upo, na mama aliona huo unatosha.

Kilichobaki ni kibali. Kutoka kijijini bila barua ya mwenyekiti ilikuwa kutafuta balaa.

"Shikamoo mwenyekiti," nilisema. Mama hakumwamkia, kwa sababu walikuwa sawa kwa umri. Alimwambia tu anakotaka kwenda.

Rehani alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Mama Zamda, shamba linahitaji watu. Na pale Tanga jina lake halipo. Utajisumbua bure."

"Kama halipo nitakubali kwamba ametoroka," alisema mama. "Nitarudi na kulisema mbele ya watu wote. Kama lipo, utaniruhusu nisije shambani, nikae eda yangu."

"Eda ya mtu aliyetoweka miaka yote hiyo?"

"Ya Mungu ilikwisha zamani. Hii ni yangu."

Alimtazama mama kwa muda. Nilifikiri anamwonea huruma. Kisha akaandika kibali, akakigonga muhuri, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Nendeni. Mkirudi tuyamalize maneno haya." Njiani nilijiuliza amejuaje kwamba jina halipo, lakini sikuuliza kwa sauti. Nilifurahi kwamba tumepata karatasi.

Sitaeleza sana safari. Lori lilitutupatupa hadi Korogwe, Grasiana akatupa uji na mkeka, na treni ilipita katikati ya mkonge saa na saa, mistari na mistari, mpaka macho yakachoka. Midomo ya mama ilikuwa ikitembea. Alikuwa akirudia herufi.

Ukuta uko juu ya ufuko, mrefu, wa mawe ya kijivu. Nilitegemea kitu cha heshima zaidi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, mbuzi walikuwa wamelala kivulini mwake, na mtu alikuwa ameanika mashati juu yake. Chini bahari ilikuwa ikipiga mawe. Mimi sijawahi kuipenda bahari, na siku ile niliichukia.

Juu kabisa waliandikwa mabaharia Wazungu, kwa herufi za dhahabu. Watu wetu walikuwa chini, wilaya kwa wilaya, Lushoto, Korogwe, Pangani. Handeni ilikuwa karibu na ardhi kabisa. Mama alipiga magoti, akang'oa nyasi kwa mikono, akaweka kidole.

Alianza na A, kwa sababu ndiyo aliyoijua vizuri kuliko zote. Hakuna Athuman. Akarudi juu akasoma kila jina, polepole, silabi kwa silabi. "Hi-za. M-ha-ndo." Akapitisha kiganja juu ya jina la Hiza. "I-sa-ka. M-bwe-go." Majina yalikuwa yakiisha. Nilisimama nyuma yake nikimwomba Mungu, na huku moyoni nimeshaanza kumtukana baba. Mtoro. Kweli mtoro. Umetutia aibu kijijini, na sasa unatutia aibu mbele ya mbuzi.

"Re-ha-ni," alisoma mama.

Kidole kikasimama.

"Se-mbo-ja."

Akalisoma tena. Akanishika mkono, akaniambia nipige magoti, nisome. Nikasoma. REHANI SEMBOJA. Herufi zilikuwa nzuri, zimechongwa kwa uangalifu.

"Lakini Rehani yupo," nilisema. "Ametupa kibali."

Mama alikaa chini kwenye nyasi. Hakulia. Alizungumza taratibu, kama anayenisomea somo. "Kutoka Misima walitoka watatu. Hiza huyu hapa. Isaka huyu hapa. Wa tatu alikuwa baba yako." Akapumua. "Serikali ilitaka mwana wa jumbe. Bomani waliita jina la mwana wa jumbe, na Athuman ndiye aliyeitika. Shamba la bondeni, Zamda. Lile shamba la bondeni lilikuwa malipo."

Ndipo nami nikaelewa. Taarifa ya kifo ilikuwa imemfikia mzee Semboja, ikiwa na jina la mwanawe ambaye alikuwa ameketi barazani akitafuna muwa. Angetangaza nini? Angesema nani amekufa? Ilikuwa rahisi zaidi kusema baba yangu ametoroka. Na Rehani alijua. Alijua tangu siku ile, aliposikia watu wakiniita binti wa mtoro, alipotusomea majina kila asubuhi, alipogonga muhuri.

Niliokota jiwe. Nilitaka kulikwangua jina lile mpaka ukuta utoke damu. Mama alinishika kwa mikono miwili, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usiliguse! Hapo ndipo alipo baba yako. Hana mahali pengine."

Nikaliacha jiwe. Hapo ndipo mama alipolia. Alilia kwa jambo ambalo mimi nisingelifikiria. "Maji yalipoingia," alisema, "wenzake walimwita Rehani. Amekufa hakuna aliyemwita kwa jina lake."

Alikwangua udongo chini ya jina lile, akaufunga katika kitambaa cheupe. Mtu wa mashati alikuja kuyageuza, akatuuliza kama tuna ndugu hapo. Mama akamwambia, ndiyo, mume wangu. Akamwonyesha kwa kidole.

Tulifika kijijini alfajiri, wakati watu wanakwenda shambani. Nilimwambia mama tupumzike kwanza. Hakunisikia. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa shamba la kijiji, na vumbi la lori bado kichwani, akasimama katika mstari pamoja na wengine.

Rehani alituona. Alisoma majina kama kawaida, labda kwa haraka kidogo. "Mwaija Athuman," aliita. "Nipo," alisema mama. "Zamda Athuman." Nikaitika. Alipofika mwisho akaikunja karatasi.

"Umesahau mtu," alisema mama.

"Nani?"

"Ita Rehani Semboja."

Watu walicheka. Yeye pia alijaribu. "Si ndiye mimi, Mama Zamda?"

"Huyo amekufa majini. Nimemsoma kwa kidole changu, katika ukuta wa Tanga, pamoja na Hiza na Isaka. Ulisema tusibaki gizani, nami nimesoma." Hakupaza sauti. "Siku ile bomani liliitwa jina lako, akaitika mume wangu. Leo ita lake, uitike wewe."

Hakuna aliyecheka tena. Kaka yake Hiza alikuwa katika mstari, mzee sasa. Nilimwona akihesabu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu, kisha akamgeukia mwenyekiti. Wengine nao wakamgeukia. Nilingoja akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina maneno tele mdomoni. Hakukana. Alipoikunjua karatasi, ilipasuka.

"Baba ndiye aliyenificha," alisema. "Nilikuwa kijana."

"Naye alikuwa kijana," alisema mama. "Ita."

Mwishowe akaita, kwa sauti ya chini ambayo wa nyuma hawakuisikia, "Athuman Mwinjuma."

Mama akamwacha asimame na jina hilo hewani. Hakumwitikia, wala mimi sikuitika, wala mtu yeyote.

"Hayupo," alisema mama. "Andika amekufa."

Akaandika. Mama akajifunika kanga kichwani, akageuka, akaelekea nyumbani kukaa eda yake. Mke wa marehemu Isaka alilaza jembe lake chini akamfuata. Kisha wengine wakafuata, wanawake kwanza, wanaume baadaye, mpaka shamba likabaki na mtu mmoja.

Tuliuzika udongo ule alasiri. Rehani alikuja na jembe begani, akasimama mbali, na watu wakamzuia. Mama akatuma neno kutoka ndani: mwacheni achimbe. Kiganja kimoja cha udongo kinahitaji shimo dogo tu, lakini yeye alichimba kaburi la mtu mzima, peke yake, hakuna aliyempokea, mpaka shimo likamfika kifuani. Mwalimu wa madrasa aliposimama kusoma talkini, maneno ya kumkumbusha maiti kaburini, alimwita maiti kwa jina la mama yake, kama inavyotakiwa: Athuman, mwana wa Hamisa. Alimwita mara tatu.

Sikumsamehe Rehani, na bado sijamsamehe. Aliendelea na uenyekiti, hakuna aliyemshtaki popote. Ila asubuhi, alipoita majina shambani, tuliitika wote, na hakuna tena aliyemwita yeye kwa jina lake.