Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

Kwenye duka la kinyozi la mzee Odell Pettway, kusini mwa Chicago, watu walishapigana kwa mambo mengi, lakini hakuna lililomwaga damu kama vichekesho vya zamani vya televisheni. Jumamosi iliyopita tu wanaume wazima wawili, mmoja shemasi wa kanisa, walitwangana mpaka kioo kikapasuka, wakibishana nani alichekesha zaidi, Hattie Goode au Cornelius Peake. Goode na Peake wenyewe walikwisha kufa zamani, wala wasingejua kama kuna shemasi ameshonwa nyusi kwa ajili yao. Siku hiyo mzee Odell aliapa kwamba atakayeinua mkono tena humu ndani ataitiwa polisi, awe nani awe nani.

Kiapo hicho kilimhusu Lucius Broadnax kuliko mtu yeyote. Lucius, kinyozi wa kiti cha pili, alikuwa ametolewa gerezani kwa masharti. Ngumi moja tu, anarudi ndani, na binti yake Odessa, ambaye ndiyo kwanza ameanza kumwita baba, angekua bila yeye. Kwa hiyo alijizuia. Wateja walimtukania mama kwa utani, kama ilivyo desturi ya mtaa, naye akawarudishia ya mama zao, kwa sababu katika mchezo ule anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Hasira alikuwa nayo, tena ya kurithi, ila aliifunga kamba kama mbwa mkali.

Asubuhi moja baada ya kiapo hicho, aliyekuwa kitini mwake ni Dupree Stallworth, fundi wa mabomba, kichwa kimelazwa nyuma na kidevu kimejaa povu. Dupree alikuwa mtu wa maneno, na ubishi ulikuwa umeshapamba moto.

"Peake alikuwa haongei," mzee Odell alisema. "Anapita tu na kapu lake la nguo chafu, anainua nyusi moja, wewe huku unashika mbavu. Mchezo wake, Dobi na Dada Zake, ndiyo baba lao. Huo mchezo wako wa Akina Tolliver ni kelele tupu."

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale, ila umezeeka vibaya," Dupree alijibu kutoka ndani ya povu. "Hattie Goode angemla Peake asubuhi na uji, asibakize mfupa. Akiwa Mama Tolliver, anarudi kutoka kazini, kaendesha basi kutwa, anamkuta mumewe mchungaji kalala kwenye kochi. Hajafungua mdomo, wale watu wa ndani ya televisheni wameshaanza kucheka."

"Alijua kupayuka tu."

"Kupayuka ndiyo kazi yenyewe. Lucius, mwambie huyu mzee."

"Mimi sikuwahi kumpenda yule mama," Lucius alisema, akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi.

"Basi una ugonjwa. Mimi nilimpenda hata kabla sijamwona." Dupree alijiweka sawa kitini. "Bibi yangu alikuwa wa kanisa la watakatifu, wale ambao hata karata ni dhambi. Televisheni kwake ni shetani ndani ya sanduku. Nililetwa kwake kutoka Mississippi mama alipougua, nikakaa majira ya baridi yote pale Henley Court, ghorofa ya sita. Kila Ijumaa jioni nabandika sikio ukutani. Majirani walikuwa wanafungulia sauti mpaka mwisho, Mungu awabariki."

Wembe wa Lucius ulisimama kidogo chini ya taya. Yeye alikulia Henley Court, ghorofa ya sita. Alijiambia milango ilikuwa mingi kule, akaendelea kunyoa.

"Sasa sikieni kipande kitamu kuliko vyote," Dupree alisema. "Mama Tolliver anafukuzwa jikoni. Masufuria yanaporomoka, watu wanacheka. Anapigwa na kitu, sijui mwiko, anapiga yowe, watu ndiyo wanakufa kabisa. Halafu anasema," na hapo Dupree akaibana sauti ikawa ya mwanamke anayetetemeka, "'Ezell, basi, mtoto anaona. Ezell, mtoto.' Nilicheka mpaka bibi akanichapa."

Duka zima lilicheka. Mzee Odell peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Kipande hicho hakipo. Nimeviona vyote, na vingine mara mbili. Mchungaji Tolliver hakuitwa Ezell. Mchezo wote ule hauna Ezell."

"Yupo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya, tena karibu kila Ijumaa." Na ili kumaliza ubishi akaigiza tena, kwa sauti kubwa zaidi, mikono ikijikinga uso: "Ezell, mtoto anaona!"

Ezell Broadnax alikuwa baba yake Lucius. Alilipwa mshahara Ijumaa. Akirudi, kwanza aliongeza sauti ya televisheni, ndipo akavua mkanda, na mtoto aliyekuwa anaona, chini ya meza, magoti yameloa mkojo, ni Lucius.

Jambo moja tu jema Lucius alilifanya: aliuweka wembe mezani. Kisha akampiga Dupree. Ngumi ya kwanza iliingia katikati ya mdomo, povu likatapakaa jekundu. Dupree alijaribu kuinuka, Lucius akamshika shingo akamvuta yeye na kiti chake, vyote vikaanguka kwa kishindo. Akampandia kifuani. Akapiga pua ikavunjika, watu waliisikia. Akapiga meno. Wanaume watatu walimvuta mpaka shati lake likachanika, na bado mkono ulikuwa unapanda na kushuka kama wa mtu anayetwanga.

"Yule ni mama yangu," alikuwa akisema. "Ule haukuwa mchezo. Yule ni mama yangu."

Mzee Odell alikuwa ameshapiga simu polisi. Aliipiga huku akilia, kwa kuwa alikwisha kuapa mbele ya watu.

Walipomtoa Lucius juu yake, Dupree alibaki sakafuni akitema damu na kumtazama. Taratibu uso uliovimba ukaelewa.

"Nilikuwa mtoto," alisema. "Kaka, watu walikuwa wanacheka. Nikacheka na mimi."

Ni ukatili ulioje, kumfanya mtoto acheke yowe la mtu, na Lucius alijua si Dupree aliyeufanya.

Askari waliingia wawili. Mmoja alitazama kiti kilichopinduka na damu, akauliza nani kampiga huyu. Dupree alishika taulo puani.

"Hakuna," alisema. "Nimeanguka."

"Kiti kibovu," mtu akadakia, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Hata mzee Odell aliitikia.

Lucius alisimama nyuma ya Dupree, kimya, akingoja askari waondoke. Ndipo alipopatambua mahali aliposimama. Mama yake alisimama mlangoni vivyo hivyo, taulo puani, akisema ameanguka, na Ezell nyuma yake, kimya, akingoja askari waondoke. Na kila mara waliondoka. Alimfikiria Odessa, moyo ukamuuma kweli kweli.

"Hakuanguka," alisema. "Nimempiga mimi."

"Nyamaza, kaka," Dupree alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba, nyamaza."

"Amekukosea nini?" askari aliuliza.

"Hakunikosea kitu," Lucius alisema, akageuka, akaweka mikono nyuma.