Injini Ukutani

Mshonaji alikuwa akipinda marinda ya sare ya shule, pini mdomoni, ukuta ulipoanza kugonga. Ko, ko, ko. Mkasi ukasogea kidogo kidogo hadi ukingoni mwa rafu, naye akaudaka bila hata kuutazama, maana alikwishazoea. Akazima redio asikilize vizuri. Mlio ulikuwa mzito na wa polepole, kwa hiyo mumewe alikuwa anapanda mlima.

Mume huyo alikuwa dereva wa lori kuukuu, na saa hiyo alikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima. Injini ilikuwa kwake huko, lakini kugonga kwake kulikuwa huku, ndani ya ukuta wa chumba chao, upande wa kichwani. Kwenye lori lenyewe hakukusikika kitu. Hilo ndilo lililomtia mshonaji hofu. Lori liliumwa kule likalalamikia huku, na tajiri, mwenye lori, hakuwa na sababu ya kufika huku.

Dereva alikuwa ameona dalili moja tu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale wa presha ya oili ulisimama vizuri. Injini ikishapata moto mshale ulilala na taa nyekundu ikawaka. Alimwambia tajiri. Tajiri akapanda, akaitazama ile taa, akasema inaumiza macho, akaichomoa.

Mshonaji akaenda gereji kwa fundi aliyeitwa Bisibisi, kwa kuwa bisibisi yake haikumtoka sikioni hata akila.

"Fundi, naomba uje unisikilizie ukuta."

"Unagonga saa zote?"

"Akipanda mlima ndiyo zaidi."

"Oili ikishapata moto, basi," fundi akasema, akamfuata.

Aliweka ncha ya bisibisi ukutani na mpini sikioni, kama afanyavyo kwa injini yoyote, akaihamisha taratibu kutoka mlangoni kwenda dirishani. Juu ya mto wa kulalia akasimama.

"Silinda ya tatu. Beringi imekwisha. Oili inapita tu hapo, haikai, ndiyo maana presha inashuka."

"Na isipotengenezwa?"

"Injini itakamata, izimike ghafla. Ikikamata kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito na upepo wa breki haujazwi tena." Alisema hayo akiifuta bisibisi, bila kumtazama.

Mshonaji akakaa kitandani. Kitanda nacho kilikuwa kinatetemeka, akainuka.

Lori liliporudi, ukuta ulinyamaza. Dereva hakuwa na ubishi na mkewe, ila yeye peke yake mtaa mzima alikuwa hajawahi kuusikia mlio huo. Kila injini ilipowaka, yeye alikuwa juu yake.

"Baba watoto, leo usiwashe wewe," mshonaji akamwambia. "Awashe fundi kule gereji. Wewe njoo ulale hapa."

Dereva akalala upande wake wa kitanda na viatu miguuni. Fundi aliiacha injini iungurume mpaka ikapata moto, na ukuta ukaanza. Dereva akabandika sikio. Akasema, "Ni yangu hii." Baadaye akasema, "Naogopa, mama." Mkewe hakuwahi kumsikia akisema neno hilo tangu waoane.

Fundi alianza na yaliyo rahisi. Alipima oili kwa stiki, ilikuwa imejaa. Akabadilisha filta. Akafunga geji yake mwenyewe ya kupimia presha, nayo ikasema yale yale. Alipomwaga oili akaona vumbi la shaba likimetameta ndani yake. Akafungua chini ya injini, akakuta chujio safi na pampu nzima, akashika beringi ya silinda ya tatu. Ilicheza kama jino la mtoto.

Tajiri akaja gerejini, akaambiwa kwamba injini lazima ishuke yote na lori lilale.

"Mzigo utalala wapi?" akauliza. "Tia oili nzito. Na ile springi ya vali ya presha, iwekee kiduara cha chuma nyuma ikaze. Mshale utapanda."

"Mshale utapanda, tajiri. Beringi haitapona."

"Mimi nasafirisha mzigo, fundi. Sisafirishi beringi."

Fundi akafanya alivyoambiwa, siku hiyo hakula. Mshale ukasimama wima. Ukuta ukaendelea kugonga, ila kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezibwa mdomo.

Mshonaji akamwendea tajiri na kumwomba aje asikie mwenyewe. Tajiri alikuja. Alikuwa mtu wa adabu, alivua viatu mlangoni. Akabandika sikio, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, shemeji, ni lori langu hili." Kisha akaugonga ukuta kwa kidole na kusema plasta ni nyembamba mno. Kesho yake akatuma mwashi na saruji.

Mwashi alipaka ukuta wote. Alipofika juu ya mto, mshonaji akaweka kiganja chake hapo. "Hapa paache." Alikuwa amekwishafikiria siku ambayo mlio utakoma.

"Nisipoenda mimi, pale langoni kwa tajiri wamejaa madereva wanaosubiri kazi," mumewe alimwambia akivaa koti.

"Basi popote utakaposimama, usizime injini."

Akaahidi. Lakini tajiri akaona dizeli inakwenda bure, akaagiza injini izimwe kila kituo.

Siku hizi jirani wa mshonaji, Mama Pacha, hamwamkii tena kwa kuuliza habari. Anapita dirishani na kusema, "Inagonga?"

"Inagonga, dada."

"Basi tushukuru."

Alasiri moja, saa ambayo dereva huwa anateremka, ukuta ulinyamaza. Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani. Mama Pacha akaingia na mkeka bila kuitwa, wakafuata majirani wengine, wakakaa.

"Labda amesimama kunywa chai," mmoja akasema.

"Labda," wakaitikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mshonaji alikaa na sikio kwenye kile kipande kisichopakwa mpaka sikio likafa ganzi. Kisha, ko. Ko, ko.

Majirani wakakunja mkeka, maana kila mtu ana chungu chake jikoni.

"Kesho anarudi?" Mama Pacha akauliza.

"Anarudi. Keshokutwa anapanda tena."

Mshonaji akarudi kwenye sare. Uzi ulikuwa umechomoka. Akajaribu kuutunga tena kwenye sindano, ukapita kando ya tundu, akajaribu tena, ukapita kando. Akamwomba Mama Pacha amtungie kabla hajaondoka.